Maji Ambayo Hakuna Aliyeyaonja

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Nesta alikuwa na kazi ya kuonja. Shangazi yake Loisi, ambaye alikuwa akiishi naye pale Ivuna, alitangulia kuamka na kumimina maji ya chemchemi kwenye kapu lililojaa udongo wa chumvi. Maji yalichuruzika polepole hadi kwenye ndoo iliyotegwa chini. Nesta alichovya ncha ya kidole, akakigusisha ulimini, kisha akakunja uso.

"Vipi?" Shangazi aliuliza.

"Bado. Haya yanafaa kupikia maharage tu."

"Basi yarudi kapuni yapite tena. Sina kuni za kuchemshia maji ya maharage."

Shangazi Loisi alisema ulimi wake ulikuwa umezeeka kwa chumvi na haukutofautisha tena. Ulimi wa mtoto wa miaka kumi na miwili ndio uliokuwa kipimo cha nyumba. Nesta aliipenda sana heshima hiyo, na shuleni hakuacha kuitaja.

Maji yakishakolea, Shangazi aliyachemsha kwenye karai hadi chumvi nyeupe ikabaki chini. Jioni alikuwa na sheria yake ambayo haikuwa na msamaha. Maji ya chumvi yaliyobaki kwenye ndoo, kopo au chungu chochote yalimiminwa kwenye karai la mwisho, kisha chombo kikajazwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa la nyuma ya nyumba, ili chumvi isikile usiku kucha. Alishapoteza ndoo nyingi za bati kwa sababu ya uzembe, na hakutaka kupoteza nyingine.

Shuleni, darasa la sita lilifundishwa sayansi na Mwalimu Anyosisye. Kwao ni Isongole, kwenye milima ya Ileje, ambako watu huvaa sweta hata mchana. Joto la bonde la Rukwa lilimtesa mno. Alifundisha huku akijifuta jasho kwa leso kubwa, na wanafunzi walikuwa wamezoea kusubiri leso ipite usoni ndipo sentensi imalizike.

Siku moja aliingia darasani na mfuko wa chumvi. Akaumwaga wote juu ya meza.

"Tuseme kila punje hapa ni nyota," alisema. "Jua letu ni punje moja tu. Na nyota zilizopo ni nyingi kuliko punje za meza hii, nyingi kuliko punje za magunia yote mnayoyaona yakipakiwa kwenye malori hapa Ivuna. Nyota nyingi zina sayari zinazozizunguka, kama dunia inavyolizunguka jua. Sasa niambieni, je, huko kote hakuna kiumbe hata kimoja?"

Darasani zilizuka kelele. Wengine walisema lazima wapo. Wengine walisema wangekuwapo wangeshakuja kununua chumvi. Gwamaka, ambaye baba yake alikuwa mzee wa kanisa, alisimama na kuuliza kama kufikiri hivyo si dhambi.

"Kutazama kazi ya Mungu si dhambi," Mwalimu alijibu. "Hata nyinyi mnaweza kuitazama mkiwa hapa hapa. Mnajua kwamba mwaka 1938 jiwe kutoka angani lilianguka karibu na Ivuna? Jiwe hilo ni maarufu duniani. Wanasayansi walilichunguza, wakakuta ndani yake baadhi ya zile kemikali ambazo miili ya viumbe hujengwa nazo."

"Kwa hiyo jiwe lilikuwa na uhai?" aliuliza Kasiani. Alikuwa mvulana mpole wa dawati la mbele, mwenye tabia ya kufikiri kwanza halafu kuuliza.

"Hapana. Tofali si nyumba. Lakini ukikuta matofali yametapakaa njiani, una haki ya kuuliza kama kuna mahali mtu anajenga."

Nesta hakutosheka. Alinyoosha mkono. "Sasa mwalimu, wapo au hawapo?"

Mwalimu Anyosisye alijifuta jasho. "Sijui," alisema.

Wanafunzi walitazamana. Walikuwa hawajawahi kumsikia mwalimu akisema neno hilo, tena kwa sauti ya kawaida.

"Hakuna anayejua," aliendelea. "Kuna wanaosema nyota ni nyingi mno, haiwezekani tuwe peke yetu. Kuna wanaosema uhai ni kitu kigumu sana kutokea, labda umetokea mara moja tu, hapa kwetu. Mpaka leo hakuna aliyeona. Ila sayari za Mshtarii na Zohali zina miezi iliyofunikwa na barafu, na wanasayansi wanaamini chini ya barafu hiyo kuna maji ya chumvi. Maji ya chumvi! Sisi wa Ivuna tutashindwaje kuwa na la kusema?"

Kazi aliyowapa ilikuwa rahisi. Kila mwanafunzi achote maji makali ya chumvi kwenye chupa ya kioo, aifunge kwa kifuniko, aiweke mahali penye mwanga na aitazame kila siku.

"Msifungue," alisisitiza. "Ukiona kitu ndani, sema umeona. Usipoona kitu, sema hujaona, hilo nalo ni jibu. Mwisho wa muhula kuna maonyesho ya sayansi kule Tunduma. Shule yetu imepewa nafasi ya mwanafunzi mmoja. Atakayekuja na jambo la maana atapanda gari na mimi."

Nesta hakusikia mengi baada ya hapo. Tunduma! Hakuwahi kufika. Alisikia habari zake tu: malori yanayopanga foleni mpakani, watu wa Zambia na wa Tanzania wanaonunua na kuuziana barabarani, taa zisizozimika. Tangu siku hiyo alilala na kuamka akiiwaza Tunduma.

Alichota maji makali kuliko ya wote, akayaonja, akaifunga chupa na kuiweka karibu na vyombo vya kazi, mahali palipopata jua. Akaitazama asubuhi. Akaitazama jioni. Maji yalibaki maji. Wiki ikapita hivyo hivyo, na Nesta akaanza kuichukia chupa yake.

Ndipo akapata wazo. Kiumbe gani anaweza kuishi bila hewa? Pengine kifuniko ndicho kilichokuwa kikiua kila kitu. Mwalimu alikuwa amekataza kufungua, lakini mwalimu kwao ni milimani, atajua nini kuhusu maji ya chumvi? Alikifungua kifuniko, akakiweka pembeni, akaenda zake shuleni.

Siku chache baadaye alipochungulia, nusura apige yowe. Ndani ya chupa kulikuwa na vijidudu vyembamba vinavyojinyonganyonga, vinapanda juu, vinashuka chini, vinapanda tena. Alirudisha kifuniko haraka, akakimbia shuleni chupa akiwa ameikumbatia kifuani.

Mwalimu Anyosisye aliinua chupa kwenye mwanga wa dirisha. Leso ilimwanguka, hakuiokota.

"Vinafanana na viluwiluwi vya mbu," alisema taratibu. "Lakini ndani ya maji ya chumvi makali namna hii! Nesta, ulifungua chupa hii?"

Darasa zima lilimtazama. Nesta alihisi moyo unamwenda mbio. "Sikufungua, mwalimu," alijibu.

Neno lilitoka jepesi, na likishatoka halikuwa na njia ya kurudi. Mwalimu alimpa mkono kama mtu mzima. Kesho yake Mwalimu Mkuu alilitangaza jina lake mstarini, na shule nzima ikampigia makofi.

Kasiani naye aliulizwa ameona nini. "Sijaona kitu, mwalimu," alisema. Watoto walimcheka. Tangu hapo wakampa jina la Sijaona, na kila alipopita, hata wa darasa la pili walimuuliza, "Sijaona, leo umeona?" Aliinamisha kichwa, akapita. Nesta hakucheka, ila hakuwakataza pia.

Siku ya safari ilikaribia. Mchana wa mwisho kabla ya kuondoka, Mwalimu alimpa Nesta chupa nzuri ya mdomo mpana ili viumbe vyake vionekane vizuri kwenye maonyesho. Nesta alichuchumaa nyumbani karibu na karai lililokuwa likichemka, akamimina maji kwa uangalifu kutoka chupa moja hadi nyingine. Matone machache yalimwagikia kidoleni. Kwa mazoea yake ya kila asubuhi, aligusisha kidole ulimini.

Alichovya tena, akaonja tena.

Maji yale hayakuwa na chumvi. Hayakuwa hata ya kupikia maharage. Yalikuwa maji matamu, yenye ladha ya pipa la bati.

"Shangazi," alisema. "Chupa yangu iliyokuwa pale kwenye vyombo, uliigusa?"

Shangazi Loisi alikuwa akikoroga. Hakugeuka. "Ipi? Ile ya kioo? Kwani siku ile hukuiacha wazi na maji ya chumvi ndani? Niliyatia kwenye karai, nikaijaza maji ya pipa kama vyombo vingine. Ningejuaje kama ni ya shule? Ingekuwa imefungwa ningeuliza."

Nesta alikaa chini kabisa. Kwenye pipa la maji ya mvua, viluwiluwi vya mbu vilikuwa vimejaa tangu mvua zianze. Vile alivyovibeba kifuani, vile ambavyo shule nzima ilivipigia makofi, vilikuwa mbu wa nyuma ya nyumba yao.

Alilitazama gunia la chumvi lililoegemea ukuta. Hakuna aliyejua. Shangazi mwenyewe hakuelewa kilichotokea. Maji yakitiwa chumvi yatakuwa ya chumvi, na kila kitu alichokisema kitakuwa kweli. Alichota konzi moja ya chumvi, akaitumbukiza kwenye chupa nzuri ya mwalimu. Akaongeza nyingine. Akatikisa.

Viluwiluwi vilijinyonga kwa nguvu, vikapanda na kushuka ovyo. Nesta alivitazama huku akiviomba vivumilie. Kidogo kidogo vilipungua mwendo. Karai lilipokauka na Shangazi akaanza kukomba chumvi, vyote vilikuwa vimelala chini ya chupa, havitikisiki.

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Aliona aibu kwa kudanganya, aliona aibu kwa konzi mbili za chumvi, na zaidi ya yote alimwona Kasiani akipita na kichwa kimeinama. Kasiani alisema kweli, akachekwa. Yeye alisema uongo, akapigiwa makofi.

"Kuna nini wewe?" Shangazi Loisi aliacha kazi, akaja kuchuchumaa mbele yake. Nesta akamweleza yote, kuanzia kifuniko.

Shangazi alisikiliza bila kumkatisha, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Mwisho alipangusa mikono kwenye kitenge. "Mwanangu, kuhusu viumbe vya mbinguni mimi sijui lolote," alisema. "Lakini hata mimi naona mtu ambaye utalala vibaya usipomwona leo. Nenda jua halijazama."

Nesta aliichukua chupa ya viluwiluwi, akamkuta Kasiani nje kwao akipasua kuni. Alimweleza akiwa amesimama, haraka, kabla ujasiri haujamwisha. Kasiani aliweka shoka chini.

"Walikuwa wananiita Sijaona," alisema. "Na wewe ulikuwa unasikia."

"Nilikuwa nasikia. Nisamehe."

"Sijui kama nimekusamehe. Labda kesho." Alivuta pumzi. "Ila kuna kitu sijamwonyesha mtu. Niliogopa watanicheka tena."

Aliingia ndani, akatoka na chupa yake. Kifuniko kilikuwa vilevile kilivyofungwa siku ya kwanza, kimezungushiwa mpira. Aliiinua kwenye mwanga wa jua la jioni. Chini kabisa, maji yalikuwa na rangi hafifu ya waridi.

"Ilianza wiki iliyopita," Kasiani alisema. "Sijui ni nini. Inawezekana ni udongo tu."

"Umeonja?"

"Mwalimu si alisema tusifungue?"

Walikwenda pamoja hadi nyumba ya walimu, kila mmoja na chupa yake mkononi.

Mwalimu Anyosisye alikuwa amekaa kibarazani akipepea kwa jalada la daftari. Nesta alipiga goti kidogo. "Shikamoo, mwalimu. Nimekuja kusema kwamba nilifungua." Kisha akamalizia yote, na ya chumvi aliyoitia mchana hakuificha.

Mwalimu aliichukua chupa ya viluwiluwi vilivyokufa, akaitazama, kisha akaitazama ya Kasiani yenye rangi ya waridi. Nesta alisubiri fimbo, au maneno makali, au vyote viwili. Mwalimu aliinuka, akaingia ndani, akarudi akakaa tena. Ilionekana wazi kwamba ameumia.

"Ungekuwa umeniambia siku ile kwamba ulifungua, ningecheka na tungeanza upya," alisema. "Uongo wako umemkosesha mwenzako nafasi yake na jina lake. Kesho Kasiani ndiye atakayepanda gari. Wewe utabaki."

"Ndiyo, mwalimu."

"Na asubuhi, kabla hatujaondoka, utasimama mstarini uwaeleze wote waliokupigia makofi."

Hilo lilikuwa gumu kuliko kubaki. Nesta aliitikia kwa kichwa.

Mwalimu alijifuta uso. Sauti yake ilishuka. "Mimi nami nina kosa. Nilikuwa na kiu ya kuona. Nimezungukwa na watu wanaoonja maji ya chumvi tangu wazaliwe, nikashindwa kumwambia hata mmoja wao aonje. Nikubalie kitu kimoja, Nesta. Chupa yako twende nayo Tunduma. Nataka watu waone jinsi tulivyodanganyika."

Asubuhi Nesta alisimama mstarini. Alisema yote hadi mwisho. Watoto waliguna. Mmoja wa nyuma alimwita "Mama Mbu", na kicheko kikasambaa. Kasiani, akiwa na shati lililopigwa pasi na chupa mbili kwenye kikapu, aligeuka nyuma. "Mwacheni," alisema. "Amesema kweli. Nani kati yenu angesimama pale mbele?" Kisha gari la mchele likaja, likawachukua yeye na mwalimu, likaanza safari ya kupanda milima kuelekea Mlowo, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma. Nesta alisimama barabarani hadi vumbi likatulia.

Alizimaliza siku zile kwa shida. Alipasua kuni, alionja maji, alikomba karai, hata Shangazi akamwuliza kama anataka kumnyang'anya kazi.

Kasiani alirudi akimsalimia kila mtu "muli shani" kama Wazambia aliowasikia sokoni mpakani, na ilichukua muda kumtuliza asimulie vizuri. Hawakushinda zawadi. Shule nyingine ilikuja na mashine ya kukoboa karanga, zawadi ikaenda kwao. Lakini mwalimu mmoja wa biolojia wa sekondari ya hapo Tunduma, anayeitwa Mwalimu Gloria, alisimama muda mrefu mbele ya meza yao kuliko meza nyingine zote.

"Kwanza alichukua chupa yako," Kasiani alimwambia Nesta. "Mwalimu Anyosisye akamweleza habari ya pipa na vyombo. Unajua alisema nini? Alisema hata hao wanaotafuta uhai kwenye sayari nyingine wanaogopa kitu hicho hicho. Wanaogopa kwenda mbali kote huko, halafu wakute vijidudu walivyovibeba wenyewe kwenye vyombo vyao. Wanavisafisha vyombo kwa kila njia kabla ya kuvirusha."

"Na chupa yako je?"

"Aliniuliza nimeona nini. Nikamwambia rangi nimeiona, ila sijui ni ya nini. Akasema ana hadubini shuleni kwake, lakini hawezi kusema lolote kwa chupa moja. Anataka nyingine, zichotwe upya kwa uangalifu. Akishapata nafasi atakuja mwenyewe na hadubini."

Mwalimu Anyosisye alilichukua jambo hilo darasani. "Nani atachota?" aliuliza. Mikono mingi ilinyooka. Mkono wa Nesta ulibaki mezani.

"Kasiani na Nesta," mwalimu alisema.

"Mwalimu, yule alidanganya!" Gwamaka alilalamika.

"Ndiyo. Na hapa darasani hakuna anayejua vizuri kuliko yeye jinsi chupa inavyoweza kutudanganya. Nataka mtu ambaye ataiogopa chupa yake."

Nesta aliiogopa kweli. Yeye na Kasiani walizichemsha chupa kwenye sufuria, vifuniko navyo. Katika moja walitia maji ya chumvi jinsi yalivyotoka kapuni. Katika ya pili walitia maji yale yale ya chumvi baada ya kuyachemsha sana, ili kama kuna kiumbe afe. Katika ya tatu walitia maji ya mvua. Kila moja waliionja kwanza, kwa tone lililomwagwa kiganjani, kabla ya kufunga. Zote wakaziweka shuleni, kwenye kabati la kioo. Nesta alibandika karatasi yenye maandishi makubwa: USIGUSE. Kisha alimleta Shangazi Loisi hadi mlangoni mwa darasa, akamwonyesha chupa hizo moja moja.

"Shangazi, hizi si vyombo vya kazi."

"Nimezielewa, mkubwa wangu," Shangazi alisema, akapiga saluti.

Safari hii hakuna aliyemharakisha. Mara nyingi Nesta alitamani kukigusa kifuniko, hata kwa ncha ya kidole, lakini alijizuia. Kila asubuhi Kasiani alimuuliza, "Umeona?" na yeye alijibu, "Sijaona," nao wakacheka wenyewe. Jina lile lilikuwa limegeuka mzaha wao wawili. Nesta alijua kwamba ile "labda kesho" ya Kasiani ilikwisha kufika, ingawa hawakuitaja.

Mwalimu Gloria alifika siku yenye jua kali, hadubini ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Darasa lilijaa, na wazazi wachache walisimama madirishani. Chupa ya maji yaliyochemshwa ilikuwa angavu kama ilivyofungwa. Ya maji ya mvua nayo ilikuwa vilevile. Ya maji ya chumvi yasiyochemshwa ilikuwa na ile rangi ya waridi chini.

Mwalimu Gloria aliishika. "Chupa hii ilifunguliwa?" aliuliza.

"Hapana, mwalimu," Nesta alijibu. "Sikufungua."

Yalikuwa maneno yale yale ya siku ile. Lakini sasa moyo wake ulikuwa umetulia, na alimtazama mwalimu usoni.

Tone moja liliwekwa kwenye kioo. Mwalimu Gloria aliinama, akazungusha, akazungusha. Kisha akasogea pembeni. "Aanze Kasiani, afuate Nesta," alisema.

Zamu yake ilipofika, Nesta alifumba jicho moja. Mwanzoni aliona mwanga tu. Halafu akaviona: vijiti vidogo, vidogo mno, vingine vimetulia, vingine vikitikisika na kuteleza katikati ya maji ambayo yangeua viluwiluwi vyote vya pipa lao. Alisahau kwamba kuna foleni nyuma yake. Alihisi furaha ambayo hata Tunduma isingempa.

"Vinafanana na viumbe wapendao chumvi, ambao wameonekana sehemu nyingine za dunia," Mwalimu Gloria aliwaambia. "Chumvi inayoua wengine, wao ndiyo inayowafaa. Jina lao hasa sitawatajia, kwa sababu silijui. Nitapeleka maji haya kwenye maabara kubwa, tusubiri."

Shangazi Loisi alisukumwa mbele na watoto. Alitazama, akaruka nyuma, akatazama tena. "Yesu wangu!" alisema. "Kumbe miaka yote hii nilikuwa nachemsha watu!"

Darasa lilicheka hadi Mwalimu Anyosisye akalazimika kutafuta leso. Kelele zilipotulia, Nesta alinyoosha mkono. Swali lake lilikuwa lile lile la siku ya kwanza.

"Sasa mwalimu, huko juu wapo au hawapo?"

"Bado sijui," mwalimu alisema. "Mtu mmoja wa Ivuna amenifundisha kutosema najua kabla sijaonja." Alimtazama, akatabasamu. "Lakini niwaambie ninachoamini. Juzi tu, nyote mlidhani ndani ya maji haya hakuwezi kuishi kitu. Leo mmeona. Kama uhai umejipatia nafasi hata kwenye kapu la Shangazi Loisi, na maji ya chumvi yapo pia chini ya barafu za miezi ya mbali, mimi naona matumaini ni makubwa. Siku moja maji hayo yataletwa yachunguzwe. Huenda atakayeyachunguza yuko shule ya msingi sasa hivi, na huenda ni shule hii."

Hakuna aliyecheka. Wengine walikaa wima kidogo kwenye madawati yao.

"Siku hiyo dunia nzima itamwuliza mtu huyo ameona nini," mwalimu aliendelea. "Wote watakuwa wanatamani aseme ameona. Atakuwa na hamu kama aliyokuwa nayo Nesta, kama niliyokuwa nayo mimi. Ndipo atakapohitaji mdomo uliozoea kusema 'nilifungua' kama alifungua, na 'sijaona' kama hajaona. Mdomo wa namna hiyo haununuliwi siku ya maonyesho, watoto wangu. Unauzoesha tangu sasa, kwa mambo madogo kama kifuniko cha chupa. Mwongo hata akikutana na kiumbe wa nyota nyingine ana kwa ana, nani atamwamini?"

Kengele ililia, lakini hakuna aliyetoka. Foleni ya hadubini ilikuwa bado ndefu, na Gwamaka alikuwa akilalamika kwamba amerukwa. Nesta alimpisha mbele yake, akarudi mwisho wa foleni nyuma ya Kasiani, ili apate kutazama tena.